Tangazo Lililokatika Katikati

Asteria hakuwa mtu wa kusamehe haraka, na hilo alilisema mwenyewe bila kuona haya. Pale kwenye redio ndogo ya mjini Kahama, alikokuwa fundi wa mitambo, wenzake walijua: ukimkosea Asteria, usijifariji kwamba siku zikipita atasahau.

Aliyemkosea safari hii alikuwa Donatus, bosi wake. Donatus alisasisha kiini cha mfumo wa seva inayorusha matangazo, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mafundi huiita keneli, akatamba kwamba sasa mtambo ni mpya. Haukupita muda seva ikaanza kula memori. Ilikula taratibu, na ikijaa redio ilinyamaza mpaka mtu aizime na kuiwasha tena. Donatus alipobanwa kikaoni, akamnyooshea kidole Asteria.

"Ni ile programu yake ya kupanga matangazo ya vifo. Ndiyo inayovujisha memori."

Watu wakacheka. Asteria akameza, lakini uchungu haukushuka.

Kisha akafariki baba yake mkubwa, mzee Maduhu wa Tinde. Asteria, kabla ya kwenda msibani, aliwaambia ndugu wasihangaike kumtafuta kila mtu, redio itawafikia. Kijijini karibu na Ushirombo, shangazi yake Serafina, dada wa marehemu asiyemiliki simu, akasikia jina la kaka yake, akasikia "mazishi yatafanyika," halafu kimya. Seva ilikuwa imejaa. Redio iliporudi hewani ilirudi na muziki. Mama wa watu akakisia kwamba watamsubiri, akafika Tinde akakuta kaburi limefukiwa na waombolezaji wanatawanyika. Tangu hapo Asteria akimwamkia, shangazi hutazama pembeni. Kwa binti aliyelelewa na mikono ya shangazi huyo, hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

"Donatus atanilipa," aliapa.

Hasira haikumfanya apayuke. Ilimfanya awe mwangalifu. Alianza na programu yake, maana ndiyo iliyoshtakiwa. Akaizima kabisa mbele ya mkurugenzi, mzee Charles. Memori ikazidi kuliwa vilevile. Akazima nyingine, moja baada ya moja, bado ikavuja. Programu zote hazikuwa na hatia: kiini chenyewe kilikuwa kinashika memori na hakiiachii. Ndipo akaiwasha seva kwa keneli ya zamani, iliyokuwa bado imehifadhiwa humo, akairudisha na programu yake. Wakashinda wakiitazama, Donatus naye akiwapo. Memori ilitulia kama maji ya mtungini.

"Sasa nani anavujisha?" aliuliza, macho kwa Donatus. Raha aliyoisikia ilikuwa tamu, na hakujilaumu hata kidogo.

Donatus akamfuata pembeni. Mkuki kwa nguruwe! "Dada Asteria, pole sana. Tuyamalize hapa hapa, yasifike mbali."

"Pole ya ofisini siitaki. Ulinisingizia, ukaacha ubovu uendelee, na tangazo la baba mkubwa likakatika. Utakwenda nami kwa shangazi, umwambie kwa kinywa chako."

Donatus akamgeukia mkurugenzi kuomba msaada. "Nenda," mzee Charles akamwambia, "au nilipeleke jambo hili kwenye bodi."

Walimkuta Serafina uani akianika michembe ya viazi vitamu pamoja na majirani wawili. Asteria akapiga magoti. "Shikamoo, shangazi." Shangazi akaendelea kugeuza viazi vyake. Donatus akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa lilikuwa lake, si la binti.

"Sisikii," Serafina alisema. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Sema kwa nguvu, baba, na usikatike njiani kama redio yenu."

Akasema kwa nguvu. Akaambiwa aanze upya. Alipomaliza, hata mchunga mbuzi wa ng'ambo ya njia alikuwa amesimama kusikiliza, na jasho lilikuwa limelowesha kola ya Donatus. Asteria, angali amepiga magoti, aliitazama ile kola akaona moyo wake unapoa.

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga. "Marahaba, mwanangu," akasema, akamshika mkono. "Inuka. Ingia ndani, chai ipo."

Donatus akaona mambo yamekwisha. Akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, mama."

Serafina akachukua ungo wake, akaingia ndani na binti yake bila kugeuka.