Medali ya Upande wa Kulia

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani asiyeweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Ukipita mbele ya kibanda chake kola imekunjika, anakuita akunyooshee, hata kama hamjuani. Sasa fikiria mateso aliyoyapata kwa baba yake mzazi, Koplo mstaafu, aliyevaa medali mbili kushoto na moja kulia, peke yake, kama iliyogombana na wenzake.

"Baba, umekosea tena!"

"Nimekosea, mwanangu," Koplo alijibu, mpole kama kondoo.

Binti anaichomoa pini, anaihamishia medali kushoto, anampangusa mabega, roho yake inatulia. Mzee huyo anakwenda kwenye mkutano wa wastaafu. Jioni anarudi, medali iko kulia. Binti anashika kiuno. "Ama kweli, uzee hauna dawa!"

Koplo alikuwa na mambo yake, tusimfiche. Viti vya sebuleni alivipanga mstari, na ole wake atakayevuta kimoja asikirudishe. Masufuria aliyakagua kama kuruta. Medali alizisugua kwa dawa ya meno mpaka nyumba nzima ikanukia mtu aliyetoka kupiga mswaki. Lakini muulize habari za vita, atakwambia mvua zilikuwa nyingi na viatu vilibana. Basi, hadithi imekwisha.

Alipofariki, Mama Vifungo akaamua kulitundika koti lake sebuleni ndani ya kabati la kioo, na chini ya kila medali aweke kibandiko cha kueleza ilivyopatikana. Akaanza kuzisafisha, ndipo akaona namba zilizochongwa kwenye ukingo. Mbili zilikuwa na namba ya jeshi ya baba yake, ile ile aliyoiandika kwa rangi hata kwenye ndoo ya kuogea. Ya tatu ilikuwa na namba ya mtu mwingine.

Baba yake mdogo, karani wa zamani wa ghala, alikuwa amevuta kiti karibu aone vizuri. Ulimi wa mzee huyu haukuwahi kupata likizo.

"Si nilisema? Hiyo kaiokota mnadani. Kaka alipenda makuu tangu utotoni."

"Baba mdogo, marehemu hasemwi."

"Simsemi marehemu, naisema medali."

Mama Vifungo alicheka, lakini moyo ulimuuma. Kama baba yake alitembea na uongo kifuani, basi ni yeye aliyekuwa akiufunga kwa pini. Angewaambia nini wanawe wakisimama mbele ya kile kioo? Akaifunga medali kwenye leso, akaenda kwa kinyozi mmoja mzee aliyetumika kikosi kimoja na Koplo. Kinyozi huyo alinyoa mtaa mzima isipokuwa yeye mwenyewe, maana hakuwa na cha kunyoa.

Mzee aliisogeza medali karibu na macho. Akazima mashine, mteja akabaki na kichwa nusu.

"Kijiti huyu," akasema.

"Kijiti ndiye nani?"

"Mbeba redio wetu. Mwembamba vile, lakini akikoroma hata adui anajua tulipo! Hakuwa na baba wala mama, hata mjomba wa kusingizia hakuwa naye. Tulipoulizwa ndugu zetu ni akina nani, yeye akamtaja baba yako. Tulicheka, maana wawili hao walikuwa wakigombania blanketi kila siku. Kijiti hakurudi, binti yangu. Medali yake akaletewa ndugu yake."

"Sasa mbona aliivaa kulia?"

"Ndipo mahali pake. Yako unaivaa kushoto. Ya marehemu wako unaivaa kulia. Askari yeyote akikuona, anajua umembeba mtu."

"Mzee, na kichwa changu?" mteja akauliza.

"Tulia wewe, hakikimbii."

"Na mbona hakuniambia?" Mama Vifungo aliuliza. "Miaka yote hiyo namhamishia!"

"Alijaribu. Akifika kwenye jina la Kijiti, anageukia mvua na viatu. Akaona heri akuache uhamishe. Kisha anapitia hapa, anasimama mbele ya kioo hicho, anairudisha kulia. 'Binti kanirekebisha tena,' anasema, na meno yote nje. Alikuwa anaringa, bwana! Wenzake hawakuwa na fundi wao nyumbani."

Nyumbani, Mama Vifungo alilitandaza koti mezani. Upande wa kulia wa kifua alikuwa ameziba vitundu vidogo siku moja, huku akiwalaani nondo wanaokula nguo, kwa ufundi ambao jicho halioni. Sasa alipapasa mpaka kidole kikapaona, akalia. Alilia kwa huzuni, na kwa aibu pia, maana nondo hawakuwa na kosa. Akachukua wembe, akaufumua uzi. Pini ikaingia kwenye tundu lake la zamani.

"We, umekosea!" Baba mdogo alikuwa nyuma yake. "Zote zinakaa kushoto."

"Sijakosea."

"Kwani hiyo ya nani?"

"Ya baba yangu mdogo mwingine. Yeye alikuwa anakoroma tu, hasemi watu."

Akamsimulia yote. Baba mdogo akakishika kile kiti alichokuwa amekivuta, akakirudisha kwenye mstari.