Behewa Lenye Ufizi

Kazini walimwita Bi Taya, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mumewe akasahau kwamba lilianza kama utani. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kwa miaka ishirini na sita alikaa katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akichonga nta, akimimina plasta, akisaga na kung'arisha meno ya watu asiopata kuwaona. Waliokutana na wagonjwa ni madaktari. Yeye aliletewa chapa za vinywa tu, zimeandikwa namba, na kwa chapa hizo akawajua watu: huyu husaga meno usingizini, huyu hutafunia upande mmoja, huyu ameuma kiko maisha yake yote.

Kazi hiyo ilikuwa na laana yake. Ukiifanya vibaya, mji mzima unaiona. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba umeifanya. Mtu atacheka harusini, picha itapigwa, watu watasema ana meno mazuri, na wewe uko kwenye kile chumba chako na vumbi la plasta puani.

Mabehewa yalimwingia kwa bahati. Alikuwa sokoni akimtafutia mpwa wake zawadi ya kutimiza miaka minne, akaona kwenye turubai la mchuuzi garimoshi la plastiki ndani ya mfuko wa nailoni: injini moja, mabehewa matatu, bei ya kutupa. Akalinunua. Kabla ya kulifunga akalitazama kwa jicho la ufundi, na jicho la ufundi halina huruma. Paa linang'aa kama sahani. Milango imechorwa tu. Magurudumu yamekaa upogo kama miguu ya mlevi. Akasema moyoni, hebu nitoe huu mng'ao peke yake, kisha nifunge. Akachukua msasa.

Mpwa wake alipewa mpira.

Miaka sita ikapita. Kwenye meza ya chumba walichokuwa wakipigia pasi, Bi Taya alijifunza kuyatoa mabehewa ya watoto utotoni. Aliyakata milango kwa kisu cha nta na kuipachika upya ili iteleze. Aligundisha nati za chuma sakafuni ili yawe mazito, kwa sababu behewa jepesi hurukaruka relini kama panzi. Pale plastiki ya kiwandani ilipopungua, alijenga kwa ile ya waridi inayotumika kufanyia ufizi, mabaki ambayo kliniki ingeyatupa. Kutu aliikwangua kwenye miguu ya kitanda kilichotupwa uani, akaisaga, akaipaka kwa brashi. Kutu halisi, si rangi ya kutu. Na kila behewa alilipinda kidogo mahali fulani, ubao mmoja ukae chini ya mwenzake, mlango mmoja usifunge sawasawa. Kanuni hiyo alitoka nayo kwenye meno: kitu cha kweli hakinyooki.

Mumewe, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, alihamishia pasi sebuleni asiseme kitu. Aliyesema alikuwa mdogo wake Bi Taya, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye ulimi wake ulikuwa na king'ora.

"Dada, wenzio wa rika lako wamejiunga na kwaya."

"Sauti yangu si unaijua."

"Basi fuma hata vitambaa vya meza."

"Vitambaa havina magurudumu."

"Watu wananiuliza dada yako anafanya nini siku hizi. Niwaambie nini? Anachezea treni?"

"Waambie hivyo hivyo. Na usipunguze sauti ukifika kwenye neno treni."

Siku moja mfamasia aliyekuwa akiiletea kliniki dawa za ganzi aliingia chumba cha nyuma kutafuta mtu wa kumtilia saini. Kwenye rafu ya kukaushia, kati ya seti mbili za meno, akaona behewa la mizigo la rangi ya udongo. Alilishika kwa ncha za vidole. Kumbe mfamasia huyo alikuwa katibu wa chama cha watu wanaojenga reli ndogo, na nyumbani kwake alikuwa na mabehewa kumi na manne yaliyoagizwa ng'ambo, kila moja na sanduku lake na cheti chake.

"Hili umelitoa wapi?"

"Sokoni. Kwenye turubai, karibu na wauza ndoo."

Mfamasia akacheka sana. Aliona amekutana na mtu mwenye mali asiyetaka kuitangaza. "Sawa, hutaki kusema. Lakini siku ya wageni, yalete yote. Tutayapitisha kwenye meza kuu."

Bi Taya alikuwa amesema kweli tupu, na hakuona sababu ya kuirudia. Kwa miezi minne alitengeneza treni ya mabehewa kumi na moja. Mdogo wake alipoona anakosa hata usingizi wa mchana wa Jumapili, akauliza kwa upole usio wa kawaida yake, "Dada, lakini ni nini hasa unachotaka huko?"

Bi Taya alifikiri huku akipuliza vumbi. "Nataka mtu aitazame kazi yangu akiwa anajua ni kazi."

Chama kilikutana ghorofani, juu ya kiwanda cha kuchapa, na sakafu ilitetemeka kidogo mashine zilipokuwa zikizunguka. Meza kuu ilijaza ukumbi: milima ya plasta, madaraja, mahandaki mawili, stesheni yenye saa inayotembea. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu wa reli, mzee mrefu aliyevaa tai na koti lenye vifungo vya shaba. Wageni walikuwa hawajafunguliwa mlango. Kwanza yeye hukagua.

Alilitoa behewa la kwanza kwenye boksi la viatu la Bi Taya, na uso wake ukalainika. Akaufungua mlango kwa ukucha. Akaunusa ubavu. "Hii kutu," akasema, "hii imefanywa na mtu anayejua." Kisha akaligeuza chini juu atafute muhuri wa kiwanda, kama mtu anayetafuta jina la ukoo.

"Ni la kiwanda gani, Mama?"

"Halina. Ni la watoto. Nilinunua sokoni nikalirekebisha."

Mfamasia akafumba macho. Wanachama wawili wakatazamana. Mwenyekiti alikuna pembe ya behewa kwa ukucha ule ule, rangi ikatoka, na chini yake ikaonekana rangi ya waridi, nyororo, inayong'aa kana kwamba ina unyevu.

"Na hii ni nini?"

"Ufizi."

"Ufizi wa nani?"

"Wa yeyote mwenye kuuhitaji, Mzee. Ni plastiki ya kutengenezea meno."

Kicheko kilichofuata kilizunguka meza yote na mahandaki yake. Mwenyekiti hakucheka, yeye alichukua kitabu cha kanuni, maana watu wa reli wakishikwa na aibu hushika kitabu. Akasoma: "Kanuni ya saba. Mabehewa yote yatakayopita juu ya meza kuu sharti yawe ya asili." Akainua kichwa. "Haya, kwa lugha iliyo wazi, ni ya bandia."

Hapo ndipo Bi Taya alipoyaona meno yake. Mwenyekiti alikuwa ametamka neno la mwisho kwa mdomo ulio wazi kabisa, na jino la pili la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limesogea kidogo mbele ya jirani yake, likiwa na doa dogo la hudhurungi kwenye shina. Doa hilo alilipaka mwenyewe. Jino hilo alilipinda mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, kusudi mzee mwenye namba arobaini na mbili asionekane amebeba vigae kinywani.

Maneno yalimjia yote kwa pamoja, yamepangwa, yana makali. Ingetosha sentensi moja na ukumbi ungezungumza habari hiyo mpaka mwaka mwingine. Lakini siri ya kinywa cha mtu haikuwa mali yake. Akayameza, na yalikuwa na pembe.

"Mzee," akasema badala yake, "behewa la asili lina uzito wa tani ngapi?"

"Tupu? Kama ishirini."

"Basi la asili hapa ni lipi? Nionyeshe, nimpigie simu mdogo wangu anayeegesha gari, aje atusaidie kulibeba."

Mwanachama mmoja akakohoa kuficha cheko. Mwenyekiti akasema kwamba uasili unajulikana maana yake, na kwamba, kwa heshima, ipo meza ndogo pale pembeni ya watoto kuchezea. Mabehewa yangependeza sana pale. Wakati huo mdogo wake Bi Taya akawa ameingia, akasikia yale ya mwisho tu, na yaliyobaki akayasoma usoni mwa dada yake.

"Dada, kusanya vitu twende. Hawa tutawaokota barabarani siku moja."

"Siendi." Bi Taya akavuta kiti, akakaa mbele ya meza kuu na boksi mapajani. "Nilialikwa kwenye meza hii. Anayetaka niondoke aninyanyue na kiti."

Chini mlangoni wageni walikuwa wameanza kugonga. Mfamasia, aliyekuwa akifunua kanuni kwa kasi ya mtu aliyempa mgonjwa dawa isiyo yake, akapata kitu. "Kanuni ya kumi na mbili. Kisicho cha asili kinaweza kupita kama kielelezo, ikiwa kimeandikwa waziwazi jinsi kilivyo."

Mwenyekiti aliona mlango wa kutokea. "Sawa. Kila behewa liandikwe bandia. Ubavuni, panapoonekana." Alisema hivyo akijua hakuna fundi atakayekubali kujitukana mara kumi na moja.

Lakini katika kile chumba chenye dirisha moja, neno hilo halikuwa tusi. Lilikuwa jina la idara.

"Herufi za ukubwa gani?" akauliza Bi Taya.

"Utakavyo mwenyewe."

Akatoa brashi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kuchorea mishipa midogo kwenye ufizi, akamkabidhi mdogo wake kifuniko kilichotiwa rangi nyeupe akishike. Wageni waliingia wakamkuta ameinama. Aliandika BANDIA kwa herufi pana za reli za zamani, na chini yake namba, kisha akazisugua kwa kidole chenye vumbi la kutu mpaka zikaonekana zimepigwa na mvua ya miaka thelathini. Alipofika behewa la nne watu walikuwa wamemzunguka. Mahandaki na stesheni vilibaki peke yavyo. Mdogo wake, kifuniko mkononi, aliwaambia waliokuwa wakisukuma, "Taratibu jamani, mnamtikisa dada yangu," na sauti yake haikupungua hata kidogo.

Treni ikatoka. Ilipita daraja la kwanza, ikazama handakini, ikatokea na mabehewa sita. La saba lilikuwa limeanguka gizani na kuyazuia ya nyuma yake. Bi Taya akaingiza mkono mpaka begani, akalirudisha relini, akayaunga tena yote, hakumwomba mtu radhi.

Mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akifuatilia zile herufi zikipita, akamgeukia Mwenyekiti kwa sababu ya vile vifungo vya shaba.

"Samahani, hii Bandia ni reli ya wapi? Sijapata kuisikia."

Mwenyekiti akafungua kinywa aeleze. Bi Taya alikitazama kinywa kile kwa muda, kwa makini, kama mtu anayetazama dirisha alilolipachika mwenyewe, na Mwenyekiti, bila kujua kwa nini, akakifunga.

"Ni yangu," akasema Bi Taya. "Nimeitengeneza mimi."

Kisha akamwomba yule mama asogee kidogo, kwa kuwa treni ilikuwa inarudi, na lile la saba lilikuwa bado linayumba.