Ukuta wa Boma

Juzi niliona vijana wakipiga picha kwenye magofu ya boma la Wajerumani kule mtoni, nikasikia tena harufu ya popo. Utotoni mjomba alitupeleka kuyaona. Dada Neema aliegemea ukuta wenye matundu, akanyoosha mikono. “Haya, nipigeni risasi!”

Mjomba alimchapa kwa fimbo ya ng'ombe mpaka damu ikamtoka mdomoni. “Unacheza hapo? Hapo?” Nilidhani ni kwa sababu ya gauni lililochafuka. Ukubwani nikaambiwa babu yake mjomba aliuawa palepale.

Labda sikumbuki sawasawa, na siku nyingine zote mjomba alikuwa mpole. Ila mchezo ule niliubuni mimi. Neema alilia njia nzima, hakunitaja.