Koti la Dumu

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na siku za dumu hushona polepole kuliko siku nyingine. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja. Mwanga wa asubuhi huingia umejaa vumbi la nyuzi, ukatua juu ya meza, juu ya mkasi, juu ya mikono yake, ukakaa hapo kama mteja asiye na haraka. Mimi hukaa kwenye kigoda nikifumua mishono na kutia vifungo. Shule niliiacha mapema, kazi hii ndiyo niliyoishika. Hatuongei sana. Cherehani inatuongelea.

Figo zake zilianza kuchoka kabla hatujajua. Kwanza viatu vilimbana kila jioni, akadhani vimesinyaa. Halafu mkojo ukawa na povu, kama maji ya kufulia. Hospitali wakamwambia figo zinavujisha kitu ambacho zilipaswa kukizuia, na zikiendelea kushuka itabidi awe anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kila wiki, maisha yake yote.

Mjomba alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akasema, "Mimi nina mashine moja, daktari, ile ya miguu. Mke wa pili siwezi."

Alicheka peke yake. Njiani nilimwona akiangalia nyayo zake zinavyokanyaga, kana kwamba ni za mtu aliyemwazima.

Ndipo akaingizwa kwenye utafiti. Sista wa utafiti, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alitukalisha watatu: mjomba, mimi, na Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa mjomba. Akatueleza kuna dawa mpya inajaribiwa. Wagonjwa wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine wanapewa vidonge vinavyofanana navyo kabisa lakini ndani hamna kitu. Nani kapewa kipi, mgonjwa hajui, sista hajui, hata daktari hajui.

"Sasa nani anajua?" Bibi akauliza.

"Kompyuta, mama."

"Nayo haisemi?"

"Haisemi mpaka mwisho."

Bibi akaitazama ile kompyuta pale mezani kama mtu anavyomtazama mkwe mwenye kiburi. Sista akasema anayetaka kukataa anakataa, hakuna atakayemnunia, na dawa zake za kawaida ataendelea nazo. Mjomba akakubali. "Nitakuwa nameza ndoto," aliniambia nje, "lakini ndoto zenyewe ni za bure."

Sehemu iliyomsumbua ni dumu la kupimia figo zinavyosafisha. Kabla ya kila miadi alitakiwa kumwaga mkojo wa kwanza wa asubuhi, halafu kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, mpaka asubuhi inayofuata. Mahali popote atakapokuwa, dumu liwe naye. Sasa fundi anayepima watu viuno atakaaje na kitu kile mezani? Akachukua kipande cha kitambaa cha suti kilichobaki, akalishonea dumu koti. Koti hasa, lenye bitana, vifungo vinne, na kimfuko cha juu. Likasimama pembeni mwa cherehani, limetulia, limefunga vifungo vyote.

"Fundi, hilo koti la mtoto wa nani?" wateja walikuwa wakiuliza.

"La mgeni wangu. Msimguse, ana baridi."

Tukaliita Mgeni. Nyumbani lilikaa kwenye beseni la maji ya baridi chini ya kitanda, maana hakuna jirani ambaye ungemwomba nafasi ya Mgeni kwenye friji yake. Mjomba alisema akilala analisikia likipumua. Nami siku moja nililala mchana, nikaota linatembea barabarani peke yake, kola juu, linaulizia njia ya maabara.

Kule hospitali, benchi la utafiti lilikuwa moja kwa watu wa aina mbili: wa figo, na wenye uvimbe kwenye utumbo. Dereva mmoja mstaafu, wa upande wa uvimbe, alizoea kukaa karibu nasi, kikopo chake cha choo kimefungwa kwenye mfuko. "Fundi," alisema, "wewe una dumu, mimi nina kikopo. Ila lako limevaa vizuri kuliko mimi." Mjomba akampima mabega kwa macho, wiki iliyofuata akamletea koti la kitambaa kilekile. Dereva akalivaa na kukaa kando ya Mgeni, mtu na pacha wake.

Siku moja daktari akaangalia majibu akainua nyusi. Figo zinasafisha kuliko mwanzo, alisema, huenda kuna kitu kinafanya kazi. Tulirudi nyumbani bila kelele, kama watu waliobeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Mjomba akasema ameota figo zake ni watoto wawili wamelala, na mmoja amejigeuza. Asubuhi akapokea kazi aliyokuwa ameikataa, sare za shule nzima. Akanunua majora ya kitambaa cha bluu, chumba kikawa kama ndani ya bahari.

Kabla hajamaliza kukata, sista akatuita.

"Fundi, kuna takataka inayotoka kwenye nyama za mwili," alisema. "Kila mtu anaitoa kwa kiasi chake, na kiasi hicho hakibadiliki sana. Cha kwako kwenye dumu kimepanda ghafla, lakini damu yako haikubaliani na dumu. Umenenepa?"

"Suruali zangu nazishona mwenyewe, sista. Ningejua."

"Basi humu ndani mko wawili."

Feni ya dari ilikuwa ikizunguka taratibu sana. Bibi akajitengeneza shali yake mara moja, akaitengeneza tena.

"Nililiona limefika nusu tu," akasema. "Nikasema wataona mwanangu hana bidii, watampa mtu mwingine nafasi yake. Na mimi figo zangu nzima. Nilimpa maziwa, nilimpa damu, leo nishindwe kumpa mkojo?"

Mjomba aliinama. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kicheko kikaishia katikati. "Mama," akasema polepole, "nimepimwa wewe ukiwa umesimama ndani ya suruali yangu."

Sista hakucheka. Alisema majibu yale yanafutwa, mjomba atarudia. Na akaeleza wazi: figo zikionekana zimeshuka chini ya kiwango, anatolewa kwenye utafiti, anaanza kuandaliwa kwa mashine.

Tukarudia. Siku ile Bibi alikaa uani tangu asubuhi, mikono mapajani, akaapa hata chumbani hataingia. Mjomba hakugusa kile kitambaa cha bluu. Alikaa mbele ya cherehani, akakanyaga pedali bila nguo wala uzi, sindano ikipanda na kushuka hewani. Nikaona anaiaga cherehani. Nilivuta kigoda karibu.

Tulipoitwa, sista alisoma kwanza peke yake, kidole kikifuata mstari.

"Zimesimama," alisema.

"Zimesimama vipi?"

"Pale pale zilipokuwa ulipoanza. Hazijapanda. Hazijashuka."

"Ni dawa, au ni vile vidonge vya chokaa tupu?"

"Sijui, fundi. Kweli sijui. Lakini kwa ugonjwa huu, kusimama nako ni habari. Unabaki."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akasema nusu ya sare atazishona, nusu atampa fundi wa mtaa wa pili. Bibi akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka adhabu, "Na mimi?"

"Wewe mama tunakuhitaji," sista akasema. "Tunatafuta ndugu wa wagonjwa, wenye figo nzima, wa kulinganisha nao. Ukikubali utapimwa, na ukiwa mzima utapewa dumu lako. Lako peke yako. Usichanganye tena."

Bibi alipimwa, akapewa. Sasa siku za dumu pembeni mwa cherehani kuna makoti mawili, moja la kijivu, jingine la bluu ya sare, lenye ukosi wa kitambaa laini kwa sababu mwenyewe alidai. Mwanga unaingia, vumbi la nyuzi linashuka juu yao bila kuchagua. Bibi akipita huliangalia la mwanawe, lililojaa nusu, anafumba mdomo, anaendelea na safari yake.