Mama Mkwe Arudi Mbele ya Bendi

Mtaani walimwita Dada Spika, kwa kuwa tangu usichana wake hakuwahi kupita penye spika iliyotupwa bila kuiokota. Alipoolewa alihamia nyumbani kwa mama mkwe wake, na chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, akakigeuza studio: magodoro mawili yameegeshwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta yenye feni inayounguruma, na spika mbili alizozifufua mwenyewe. Watu walimletea nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, naye alisawazisha sauti za waimbaji na ala mpaka kila moja ikae mahali pake.

"Mkamwana wangu ana bidii," mama mkwe aliwaambia majirani. "Kutwa anasikiliza wimbo mmoja. Sijui hauelewi?"

Utani huo ulificha jambo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa mwimbaji wa mbele wa bendi kubwa, hadi alipofanyiwa upasuaji wa goita. Alipona, lakini sauti ilirudi nusu. Ya chini ilikuwa pumzi tu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya pazia. Akiipandisha, inafyatuka na kuumiza sikio. Akaacha kuimba hata jikoni.

Kisha bendi ikaamua kurekodi upya nyimbo zake za zamani. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa mwenye mvi na heshima zake, akaja kumwomba ajaribu. Mama akaenda, akajaribu. Alipotoka kwenye chumba cha kurekodia, Kiongozi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada yangu, usinielewe vibaya. Tutatafuta binti aimbe. Jina lako tutaliandika juu."

Mama alirudi nyumbani, akajitupa kitandani na viatu miguuni.

Dada Spika alimfuata Kiongozi kwake.

"Shikamoo, mzee. Naomba ile rekodi ya Mama."

"Marahaba. Ya nini, mwanangu? Haishikiki ile."

"Nipe tu. Niisikilize kwanza."

Akapewa. Aliporudi akaiwekea kompresa. Siku hizi si lazima iwe mashine. Yake ilikuwa plagini, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu ya muziki. Inafanya kazi kama mkono ulioshika kitufe cha sauti: mwimbaji akiruka juu, inambana, halafu yote yananyanyuliwa pamoja, na mnong'ono unasikika. Dada Spika akabana kwa nguvu zote. Wimbo mzima ukalingana. Akamwita Mama.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Nani huyu?"

"Ni wewe, Mama."

"Si mimi. Huyu amepigwa pasi. Mimi nikifika pale pa 'usiniache' nalia, mwanangu. Huyu anasoma tangazo la maji kukatika."

Dada Spika alicheka, ingawa roho ilimuuma. Alikuwa amefuta kovu, na mwenye kovu akaondoka nalo.

Akaondoa kila kitu, akaanza upya. Kwanza aliupitia wimbo neno kwa neno, akipandisha mnong'ono na kushusha mafyatuko kwa mkono, ili kompresa isikute ugomvi. Kisha akaweka mbili badala ya moja: ya kwanza nyepesi na ya haraka, ya kudaka vilele tu; ya pili ya taratibu, ikibana kidogo, kama mtu anayemshika mgonjwa kiwiko bila kumbeba. Hiyo ya pili aliichelewesha kidogo kushika, ili kila neno litoke na makali yake. Pumzi zikawa kubwa mno, zinapuliza kama pampu ya baiskeli, akalegeza. Siku zikapita. Mume wake, fundi rangi, akawa ndiye mpishi, na kila sahani iliyoingia iliingia na swali: "Bado hamjaelewana na huo wimbo?"

Asubuhi moja Dada Spika aligundua kwamba ameacha kutazama mita, kile kipimo cha sauti chenye mstari mwekundu ambao kamwe hakuruhusu sauti iuvuke. Wimbo ulikuwa umefika pale pa "usiniache", na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Hakumwambia Mama. Alimwomba tu amsindikize kwenye ukumbi wa mazoezi ya bendi. Wote walikuwepo, na yule binti aliyetafutwa pia, amesimama kando na maji yake ya kunywa. Dada Spika akachomeka waya kwenye spika kubwa.

Mnong'ono ukatoka. Ulikuwa karibu kama mtu aliyekuegemea begani. Ukapanda, ukakwaruza, ukapasuka mahali pake hasa, na haukumuumiza mtu. Mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Mama alishika ukingo wa kiti.

"Huyo..." akasema. "Huyo ni mimi."

Binti ndiye aliyetangulia kuzungumza. "Mzee, mimi siwezi kuimba hivyo. Niwekeni kwenye viitikio, nimsindikize Mama."

Kiongozi akavua kofia, akaenda mbele ya Mama. "Dada, nilikukosea."

"Ulinikosea sana," Mama akajibu, tayari ameshanyanyuka. "Hebu shika gitaa. Bado nyimbo ngapi?"

Rekodi yote ikachanganywa kwenye ile stoo. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama aliimba na kipaza sauti mdomoni kabisa, Dada Spika akiwa kwenye meza ya mitambo na kidole juu ya kompresa. Wimbo ulipokwisha, watu wote wakiwa wima, Mama alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya ukumbi.

"Mnamwona yule? Yule ni wa kwangu! Mwanangu alioa, lakini aliyepata ni mimi!"

Ukumbi ukalipuka, na Dada Spika, kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi hiyo, akaacha sauti ivuke mstari mwekundu.