Ndege Mbili za Dafroza

Miaka ile mafuta yalipokuwa adimu, Dafroza wa Buhare alikuwa mhudumu wa uwanja wa ndege wa Musoma, uwanja ambao ulikaa miezi bila ndege. Kazi yake hasa ilikuwa kufukuza ng'ombe waliotoka Kigera kuja kula majani. Hata hivyo bendera zake za kuongozea ndege, nyekundu na kijani, alizifua na kuzipiga pasi, akafanya mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi hawakumjali.

Kisha biashara ikafanywa huria, wakaanza kuja wanunuzi wa sangara na watafuta dhahabu. Asubuhi moja zikatua ndege ndogo mbili zikifuatana. Dafroza hakuwahi kuona mbili kwa pamoja. Alijitokeza kifua mbele, akainua nyekundu kumsimamisha rubani mmoja na kijani kumwita mwingine.

Kila rubani aliamini kijani ni yake. Dafroza aliruka pembeni, na palepale kwenye njia ya kurukia, bawa la ndege moja likakata mkia wa nyingine. Hakuna aliyeumia.

"Uwanja wote huu!" akafoka Abdulkadiri, mchuuzi wa samaki, akishuka. "Stendi ya Bunda mabasi yamejaa na hayagusani!"

Mkaguzi kutoka Dar es Salaam alifika kwa basi, mwili mzima vumbi, kwa sababu ndege alizokuja kuzikagua zilikuwa zimeziba njia.

"Mama, ulimruhusu yupi?"

"Wa kushoto."

"Kushoto kwako au kwao?"

"Kwangu, mwanangu. Si mimi nilikuwaga na bendera?"

Mkaguzi aliandika, akafuta, akaandika tena. Dafroza alirudi nyumbani, akamwambia mumewe, Silasi, kwamba kazi imekwisha.

"Hawakukufukuza kwa kukosa ndege," Silasi akamjibu, "leo wakufukuze kwa kuwa nazo?"

Kweli hawakumfukuza. Walimwongezea msaidizi, Leodgar, asimame upande wa pili na bendera zake. Marubani walipowaona wawili, kila mmoja akipunga kwa bidii, wakaanza kuzima injini mbali kabisa, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Abiria wakawa wanatembea kwenye umande na mizigo kichwani.

Ajali haikutokea tena. Dafroza akapewa barua ya pongezi.