Fimbo ya Kakake Mista Fintan

Tak, kimya kidogo, kisha tuk. Ya kwanza ilikuwa fimbo kupiga mpira, ya pili mpira kupiga ukuta. Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa nilizisikia kila siku baada ya sala ya alasiri, nyuma ya nyumba tuliyokaa mtaa wa Ruwais, Jeddah. Joto la saa ile huwezi kulijua mpaka likupitie: paka wamelala chini ya magari, viyoyozi vinadondosha maji, na nje hakuna mtu ila mzungu mmoja mrefu mwenye vidole vilivyopinda, anapiga mpira wa ngozi ulio sawa na chungwa dogo na kuudaka ukirudi. Ng'ambo ya ukuta ule palikuwa na nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, tupu, milango yake imepigiliwa misumari. Mama alinikataza kuusogelea. Alisema nyumba isiyo na watu haikosi wenyewe, na Mama alikuwa mtu wa Kilifi, mambo hayo hayafanyii mzaha.

Mzungu huyo tukimwita Mista Fintan, mtu wa Ayalandi, aliyefundisha michezo katika shule moja ya wageni. Alikuwa mpangaji wa kafili wetu, mwajiri aliyetudhamini nchini. Baba, dereva wa kafili, alikuwa amehamishiwa Riyadh, nasi tukabaki katika chumba cha uani, Mama akimpikia Mista na kumfulia. Ijumaa Mama aliruhusiwa kuwapikia ugali madereva na walinzi wa Kikenya waliokaa jirani. Ijumaa moja mwiko wake mkubwa ulivunjika sufuria ikiwa motoni. Akaingia stoo, akatoka na mti mrefu uliopanuka mwishoni, bapa, laini, una mkanda wa bati kwenye ncha. Alifikiri ni mwiko wa watu wa nchi za baridi, wapikao kwa ajili ya jeshi. Akauosha kwa maji ya moto, akasonga ugali. Nakumbuka mvuke ule ulivyonuka majani mabichi, harufu ya shamba baada ya mvua, nasi tulikuwa mahali ambapo hata mchicha huota kwenye debe. Madereva walikula, mmoja akauliza Mama ametia nini.

Mista Fintan aliingia jikoni akauona mti wake umesimama ndani ya sufuria. Akawa mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Mama akasema, "Mista, mie nilidhani ni mwiko." Mista akacheka mpaka akalia, akaketi sakafuni na madereva, akala kwa mkono. Walipoondoka ndipo alipotueleza ile ni fimbo ya nini. Kwao kuna mchezo uitwao hurling, nao huchezwa kwa fimbo hizo. Humchezei mwenye kukulipa. Unachezea parokia uliyozaliwa, na ukiwa hodari unaitwa kuchezea jimbo, bila mshahara. Yeye alikuwa kipa. Alfajiri alikamua ng'ombe na kakake, Jumapili akasimama golini mbele ya uwanja uliofurika, Jumatatu akarudi kwa ng'ombe wale wale. Vidole vilivunjika kimoja kimoja na kuunga vilivyotaka vyenyewe. Watoto wa kwao waliigiza alivyodaka.

Kisha ikaja fainali yake ya mwisho. Dakika za mwisho fimbo yake ilivunjika mkononi, na mchezo ule haumngoji mtu. Kakake, beki apigaye kwa mkono wa kushoto, alimrushia yake, mwenyewe akabaki mikono mitupu. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko aliyoizoea. Mpira ukaja, akaunyoshea, ukapita chini ya ncha, wakashindwa kwa goli hilo. Mbele ya wachezaji wote akamwambia kakake kwamba fimbo yake ndiyo iliyowafungisha. Mista Fintan aliondoka nayo, ndiyo hiyo Mama aliyosongea ugali, akaacha kucheza, akaja Arabuni, na tangu siku ile hawakusemezana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatamka kwa Kiswahili kuwa cha kuazima hakisitiri matako, halafu akaona haya alipotakiwa afasiri. Lakini alipoinuka alimwambia kwa Kiingereza chake, bila mzaha, ampigie kakake leo hii. Mista akasema atapiga Jumapili, kwao wakitoka misa.

Jumapili haikumngoja. Jumamosi asubuhi simu ililia kutoka kwao: kakake ameanguka shambani, amekufa. Pasipoti ya Mista ilikuwa shuleni, na ruhusa ya kutoka nchini ilihitaji sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Kila alipouliza aliambiwa bukra, kesho. Siku ya mazishi alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko, na pale ndipo alipomwambia Mama desturi ya kwao: mchezaji akifa, fimbo yake hulazwa juu ya jeneza, na wenzake husimama kandokando ya njia na fimbo zao. Jeneza la kakake lilikwenda bila fimbo juu yake. Ruhusa ilipotoka hakuitaka tena. Alisema hana uso wa kwenda nao, na hana wa kumpa fimbo ile. Akazifungia fimbo zote stoo, akauweka mpira kwenye dirisha la jiko, akaacha kuupiga.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nikasikia tak, kimya kidogo, kisha tuk. Nilikuwa nakoroga sukari kwenye chai, mpira uko mbele ya macho yangu, umetulia dirishani. Tak ilitoka mbali, ndani ya ile nyumba tupu. Tuk ilikuwa hapa hapa, na vipande vya chokaa vikadondoka upande wetu. Ikawa hivyo kila siku. Mama alifukiza ubani, akasoma alichokijua, akamwaga maji ya waridi ukutani. Akampigia Baba, naye Baba akasema ni mabomba. Mama akakonda. Aliamini ni yeye aliyeiamsha fimbo ile, kwa maji ya moto na unga wa mahindi. Nami niliogopa, lakini nilichoogopa zaidi ni Mista Fintan, ambaye hakuonekana kushangaa. Alasiri moja aliniona nimeziba masikio, akanitoa mikono taratibu. "Sikiliza," alisema. "Anapigia mkono wa kushoto. Mimi ni wa kulia."

Mama aliyasikia hayo. Akaenda stoo mwenyewe, akaitoa fimbo, akaiweka mapajani mwa Mista. "Unasema huna wa kumpa," alimwambia. "Si huyo hapo anakungoja?" Mista aliishika muda mrefu. Kisha akatoka uani, akaurusha mpira kidogo hewani na kuupiga kwa nguvu zake zote. Ukapaa, ukavuka ukuta, ukaangukia kule kusikofunguliwa mlango. Tulisubiri. Nilimsikia Mama akimtaja Mungu kwa sauti ya chini. Tak. Mpira ukarudi juu ya ukuta, ukashuka kumwelekea, na kila mtu aliyewahi kumwona angejua kuwa huo ni wa kudaka amefumba macho. Hakuinua fimbo. Akatanua miguu kidogo, akauacha upite. Ukabiringika mpaka miguuni pa Mama. Aliuokota kwa pembe ya kanga, akanionyesha. Ulikuwa umelowa, na kwenye mshono wake palikuwa na jani bichi la nyasi.

Wiki hiyo Mista alikwenda shuleni akasema halas, hataki mkataba mwingine. Alitupigia simu kutoka kwao: ameilaza fimbo kaburini, mvua inanyesha. Ukuta ulinyamaza. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Hawakusema ufanye nini mmoja akifa kabla ya kupatana.

Leo mimi ni muuguzi Riyadh, na mtaa ule wa Ruwais nasikia umebomolewa. Mpira ninao. Siku hizi ruhusa ya kutoka naipata kwenye simu kabla chai haijapoa, wala simsubiri mtu aliye safarini. Mama alikufa Kilifi Ramadhani iliyopita, akazikwa siku ile ile, nami nikajiambia kuwa sina la kuwahi. Tulikuwa tumeachana vibaya, kwa neno nililomwambia kuhusu Baba, na sikulifuta. Mwiko wake uko jikoni kwangu. Aliponipa alinitania kuwa ananiazima tu. Alikuwa na mazoea ya kuugonga mara mbili ukingoni mwa sufuria chakula kikiwa tayari, ili tuje. Tangu mfungo mosi, nikiwa nimelala baada ya zamu, nausikia ukigonga mara mbili. Jana baada ya alasiri niliuchukua mwiko, nikauweka mapajani, nikangoja. Sufuria ikagongwa jikoni, mara mbili, na jiko zima likanuka ugali. Nikasema, "Naja, Mama," nikafungua simu, nikakata tiketi.